Sikio la Bibi Kizee: Visa vya Watoto katika Nchi ya Dhahabu

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa Nunda ni nani. Hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake ilichapwa mwaka 1870 na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, katika mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji; na kabla ya hapo na baada yake imekaa vinywani mwa mabibi bila kungoja kitabu. Paka anakula kuku. Sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mifugo, anakula watu, na jibu la sultani ni lile lile. Ni pale paka alipowageukia wana wa sultani mwenyewe ndipo baba mtu alipokiri kwamba huyo si paka tena, bali ni nunda mla watu. Kijana aliyedharauliwa kwa kupenda kukaa jikoni ndiye anayetoka kumwinda. Anarudi nyumbani na mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mara akimwimbia mamaye kuuliza kama ndiye, na mama akimjibu kwamba siye, hadi siku anapompata aliye ndiye.

Hadithi hiyo ina ndugu yake wa damu bara, katika nchi iliyo kusini na kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko, katika mji mdogo wa Buseresere, wilaya ya Chato, jitu linaitwa Shing'weng'we na kijana anaitwa Masala Kulangwa. Buseresere umeshikana na Katoro hata mgeni hawezi kusema mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, ingawa Katoro uko wilaya ya Geita. Ni miji ya barabara, ya soko na ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, nayo imewakusanya Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Warongo, Wahaya, Waha na wengineo, wanaouziana na kuoana kwa Kiswahili. Mtoto anayelelewa hapo ana bahati ambayo watoto wengi wa miji mikubwa hawana: katika ua mmoja aweza kusikia visa vya makabila matatu au manne. Swali la tahakiki hii ni moja. Mtoto huyo anaposimuliwa habari za kale, za wavumbuzi, za wasanii na za mashujaa wa kubuni, anasimuliwa vipi, na ni kitu gani kinachoachwa njiani?

Jibu linaanza na kisa chenyewe. Wasukuma wasimulia kwamba Shing'weng'we aliwameza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa. Katika jina hilo mna neno la akili na neno la kufundisha, na wenye lugha hulifahamu kuwa ni la mtu mwepesi wa kuelewa. Alipopata fahamu aliuliza swali ambalo kila mtoto wa historia hana budi kuliuliza: mama, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Kijana akatoka kwenda kumsaka adui. Kwanza akaua vijidudu na wanyama wadogo, akavileta nyumbani na kuuliza kama ndiye, mama akamwambia siye. Na hapa mtu wa Unguja husikia mwangwi wa nyumbani kwake. Mwishowe akamkuta Shing'weng'we, akamuua, akampasua tumbo, na watu wote wakatoka hai.

Kisa kingeweza kuishia hapo, na katika vinywa vingi vya leo huishia hapo. Lakini masimulizi yaliyokamilika yanaendelea. Kisu cha mkombozi, katika kupasua, kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani ya tumbo. Bibi akatoka yu hai, yu huru, na amekasirika. Akataka kumroga kijana. Watu wakamkinga kijana wao. Naye Masala Kulangwa hakutumia kinga hiyo kumgeukia bibi. Alitafuta dawa, akaipata, akamponya sikio lake. Baada ya hayo, na si kabla yake, watu wakamkalisha katika kiti cha utemi, na mamaye akawa mama wa mtemi.

Mpangilio huo wa matukio haukuja kwa bahati. Msanii wa kale, asiyejulikana jina, angeweza kumpa shujaa wake kiti mara tu jitu lilipoanguka. Hakumpa. Alimwekea deni njiani, akamtaka alilipe kwanza. Ushujaa wa kuua ulimfanya Masala Kulangwa apendwe. Hekima ya kuponya ndiyo iliyomfanya astahili kutawala. Aidha, aliyedhurika hakuwa mtu mkubwa wala mzuri wa tabia. Alikuwa bibi kizee mwenye hasira na mwenye sifa ya uchawi, yaani mtu ambaye kijiji kingekuwa radhi kumsahau. Kisa kinakataa kumsahau. Waafrika wa pande nyingine wanayo hadithi ya jitu na kijana, na si wote wameimaliza hivi: katika masimulizi ya Wasotho, Senkatana aliyewaokoa watu wake huja kuuawa na hao hao kwa wivu. Msukuma amechagua njia yake, nayo ni ya fidia.

Sasa ondoa sikio. Kinachobaki ni kijana hodari, jitu baya na watu wenye shukrani. Hicho ndicho kisa kinachofaa vitabu vya mazoezi, kwa kuwa mwishoni mwake laweza kuwekwa lile swali linalojulikana na kila aliyepita darasa la tatu: hadithi hii inatufundisha nini? Jibu linatakiwa liwe na maneno manne: inatufundisha kuwa na ujasiri. Mtoto anaandika, mwalimu anatia alama ya vema, na kisa kimekwisha kufa. Tahakiki ya Kiswahili ya Tanzania imebeba sehemu ya lawama hii. Kwa miongo mingi imewazoesha wanafunzi kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha kuitafuta dhamira kama mtu anayemenya ndizi: ganda hutupwa, tunda huliwa. Lakini katika hadithi njema ganda halimenyeki. Sikio la bibi si dhamira wala si pambo. Ni tukio linalomsumbua msikilizaji, na kusumbuka huko ndiko kufunzwa kwenyewe.

Katika Buseresere na nchi inayouzunguka, jambo hili limepita mipaka ya mjadala wa fasihi. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, vikongwe wengi, na wengi wao wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza na majirani zao. Macho mekundu yalichukuliwa kuwa ushahidi, ilhali macho hayo yaliiva kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, katika jiko ambalo bibi alilipulizia miaka yote ya kuwalea wale wale waliokuja kumshutumu. Halafu, katika miaka ya kuelekea 2010, ikazuka balaa ya kuwawinda watu wenye ualbino, na watafiti walioichunguza waliihusisha, pamoja na mambo mengine, na hirizi za bahati zilizouzwa kwa watafutaji wa dhahabu. Mtoto wa huko hahitaji kufundishwa kwamba yupo bibi anayeitwa mchawi. Hilo atalisikia kisimani na sokoni bila mwalimu. Anachohitaji ni kusikia kwamba shujaa mkubwa kuliko wote katika masimulizi ya wazee wake, alipokutana na bibi wa namna hiyo, alikwenda kutafuta dawa. Anayemsimulia kisa na kulificha sikio amemnyima mtoto silaha ambayo babu zake walimwekea akiba.

Na pengo linaloachwa halikai tupu. Mwaka 1929 kilitoka kwa Kiswahili kitabu *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Rider Haggard ya 1885. Johnson ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930, na tafsiri zake ziliwaonyesha wasomaji wa wakati ule kwamba Kiswahili cha nathari chaweza kubeba safari ndefu, vita na vichekesho bila kuchoka. Kwa upande wa lugha anastahili heshima yake. Lakini ndani ya riwaya hiyo yumo kikongwe, Gagool, mnusa wachawi aliyekunjamana kama ngozi iliyokauka, naye ndiye aijuaye njia ya kuifikia hazina. Haggard hakumwekea dawa. Alimponda chini ya mlango wa jiwe, kisha Waingereza wake wakatoka mgodini na almasi mifukoni.

Hebu vikongwe hao wawili wawekwe kando kwa kando. Wote wawili wana hasira na shujaa. Wote wawili wanahusishwa na uchawi. Mmoja anaponywa na shujaa anapata kiti. Mwingine anapondwa na mashujaa wanapata mawe ya thamani. Hapana shaka Haggard aliandika kwa ajili ya vijana wa nchi yake na wala hakuwaza juu ya mtoto wa kando ya Ziwa Viktoria. Lakini kitabu kikishatafsiriwa hakina tena nchi moja. Kinakuja kuketi katika ua, kando ya bibi anayesimulia, na mtoto husikiliza vyote viwili. Mfasiri huleta maneno na pia huleta hukumu zilizomo ndani ya maneno. Ni wajibu wa wenyeji kuhakikisha kwamba hukumu yao wenyewe haijanyamazishwa mgeni anapoingia.

Hapa kisa cha hazina kinakutana na historia ya nchi. Miaka 11 baada ya tafsiri ya Johnson, yaani 1940, Mkanada John Williamson alizikuta almasi za Mwadui, Shinyanga, kana kwamba Haggard alikuwa ametabiri. Dhahabu ya Geita ilikuwa imetambuliwa na Wajerumani mapema zaidi, 1898. Mgodi wa wakati wa Mwingereza ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Mambo hayo yote husimuliwa kwa kitenzi kimoja, kugundua, na mtendaji wake daima ni mtu aliyetoka mbali. Mtoto wa Buseresere hujua kwa macho yake kwamba hazina haimsubiri shujaa pangoni. Hujua duara, shimo la mchimbaji mdogo, na kamba ya kuteremkia. Hujua karasha linalosaga mawe mchana kutwa, na mialo ambako udongo huoshwa. Na wako watoto waliokwisha kuingia humo wenyewe: mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa ndefu kuhusu watoto waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania, yakiwamo ya Geita, wakiteremka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu.

Zebaki ni kisa kinachongoja msimulizi. Ni maji yasiyolowanisha, ni madini yanayotiririka. Huikumbata dhahabu popote ilipojificha katika mchanga, na moto ukiwashwa huiacha na kupaa zake, isionekane, ikaingia puani mwa aliyeinama juu ya kikaango. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Samaki wakaila, paka wakala samaki wakaanza kuyumba kama walevi, kisha mwaka 1956 ikatambulika kwamba watu nao wanaugua maradhi yale yale. Mtoto anayemjua Nunda ataelewa mara moja: hapa pia janga lilianza kama kitu cha nyumbani, chenye faida kwa mwenyewe, na kila aliyelalamika alijibiwa kwamba paka ni wangu na kuku ni wangu. Kisa kama hicho kitamfunza kemia na kumlinda mapafu kwa pamoja, wala hakitahitaji swali la mwishoni.

Katika habari za wavumbuzi upungufu ni mkubwa zaidi. Watoto wengi wamesikia kwamba James Watt aliona kifuniko cha birika kikirushwa na mvuke, akabuni mashine. Ukweli ni kwamba mashine za mvuke zilikuwapo kabla yake. Yeye, katika miaka ya 1760, aliitengeneza ya Newcomen iwe bora. Lakini birika ni fupi na laeleweka, basi birika limeshinda. Madhara ya visa vya namna hii yanazidi ule uongo mdogo uliomo. Humfundisha mtoto kwamba uvumbuzi ni jambo la mtu mmoja, wa mbali, katika siku moja, na asipoliona birika lake hudhani kwamba kwao hapakuvumbuliwa kitu.

Kumbe mtoto huyo amekaa juu ya chuma. Warongo, ambao baadhi ya wajukuu wao wanaishi katika nchi hiyo hiyo ya Geita, Chato na Biharamulo, walikuwa wafua chuma mashuhuri wa Uzinza, na majembe ya nchi hiyo yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, yakalima na yakatolewa mahari. Kaskazini zaidi, katika Buhaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza mwaka 1978 kwamba tanuri za kale za huko, za kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, zilitoa chuma cha pua, na kwamba mafundi walikuwa na hila ya kupitisha hewa ya mivukuto katika mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri, ili hewa ifike motoni ikiwa tayari ina joto. Wazee wa Kihaya waliijenga tena tanuri kwa kumbukumbu za ujana wao, wakajaribu na kurekebisha mpaka wakayeyusha. Huo ni uvumbuzi usio na Watt. Wavumbuzi wake ni mchoma makaa, mfinyanzi wa mirija, mvukutaji na mwenye kujua dawa na miiko, na kila mmoja akikosea, wote wamekosea.

Na tena si kweli kwamba kisa cha kubuni na sayansi ni maadui. Katika Katuruka, Buhaya, wazee walisimulia habari za mtawala Rugomora Mahe aliyetaka kujenga mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na walionyesha mti mtakatifu ambao jina lake, Kaiija, lilihusishwa na kiwanda cha mhunzi. Mtu wa haraka angecheka. Schmidt alichimba pale ambapo kisa kilielekeza, akakuta mabaki ya ufuaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mnara haukuwapo, lakini wafua chuma walikuwapo, na kumbukumbu ya mahali ilikuwa imepokezanwa kizazi kwa kizazi katika vazi la ngano. Mtoto afundishwe mambo hayo mawili pamoja: kwamba mnara ni wa kubuni, na kwamba aliyeubuni alikuwa na sababu. Naye msimulizi asiufiche upande wa gharama, maana kila tanuri ilikula miti mingi ya makaa. Kila uvumbuzi una sikio lake lililokatwa.

Kwa wasanii, pwani ina mfano ambao bara inaweza kuusoma kwa faida, kwa uzuri wake na kwa mapungufu yake. Shaaban Robert aliandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, uliotoka 1958, na vizazi vya wanafunzi vikamjua mwimbaji wa Unguja kupitia kalamu hiyo. Ni kazi ya adabu kubwa: mshairi anamtazama mwimbaji kama mwenzake, wala hamwonei haya kwa kuwa ametoka katika ufinyanzi na umaskini wa Fumba. Hata hivyo Shaaban Robert hakuwahi kuliacha tukio lipite bila kulitolea wasia, na mara kwa mara Siti hutoweka katika sifa anazosifiwa. Wafupishaji waliokuja baadaye wamechukua wasia na kuacha mtu. Huanza naye akiwa tayari ni Siti, na humaliza 1928 anaposafiri kwenda Bombay kurekodi santuri. Mara chache humwambia mtoto kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Kwamba wazazi wake walikuwa na asili ya Unyamwezi na Uzigua. Kwamba watu wa mjini walimbeza kwa asili yake na sura yake, naye akawajibu kwa nyimbo. Mtoto wa Buseresere angezipenda sana habari hizo tatu. Angegundua kwamba sauti iliyosikika hadi Bombay ilikuwa na mzizi wake katika nchi jirani na kwao, na kwamba njia iliyoufikisha mzizi huo Unguja ni ile njia ya misafara na ya utumwa ambayo vitabu vyake vya historia humwonyesha kwa mshale tu juu ya ramani.

Kwao wenyewe pia wapo wasanii wa kusimuliwa. Wasukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo huwanasibisha waasisi wao, Ngika na Gumha, na ubishi juu ya nani kati yao alikuwa fundi zaidi wa ngoma na wa dawa. Kila chama kina masimulizi yake, na katika kila masimulizi mshindi ni wa kwao. Mwalimu mwoga atatafuta toleo moja sahihi. Mwalimu hodari atawaita mzee wa Bagika na mzee wa Bagalu, awaache wabishane mbele ya watoto. Hakuna somo la historia lililo bora kuliko kuona kwamba ushahidi una mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana upande.

Mwandishi aliyeonyesha njia yote hii alikuwa jirani, katika kisiwa cha Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe juu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto. Mchapishaji hakupatikana. Ikambidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ikatolewa 1980 na Tanzania Publishing House katika majuzuu mawili, miaka 35 baada ya kalamu kuwekwa chini. Yeye akafariki 1981 bila kukishika kitabu chake mkononi. Lengo lake lilikuwa kuwahifadhia vijana maisha ya wazee wao. Mtu mwingine mwenye lengo hilo angeandika orodha ya mila. Kitereza aliandika habari ya mtu aliyenyang'anywa mkewe na wakwe kwa sababu ya utasa, ambaye ili arudishiwe alitakiwa kupeleka pombe ya ndizi. Basi msomaji anajifunza upikaji wa pombe ya ndizi hatua kwa hatua, na hachoki, kwa kuwa pombe ikiharibika mke haji. Elimu imefungwa ndani ya haja. Hiyo ndiyo siri ambayo waandishi wa vijitabu vya watoto wamekuwa wakiitafuta katika rangi za picha na katika maswali ya mwishoni. Riwaya hiyo ni ndefu mno kwa mtoto, lakini sura zake zaweza kusomwa mbali mbali kwa sauti, na ni ajabu kwamba katika shule za kandokando ya ziwa lenyewe haijawa kitabu cha kila siku.

Itasemwa kwamba mtoto ni mtoto, na kwamba kumpa visa vyenye majeraha ni kumtwisha mzigo wa watu wazima. Hoja hiyo ina ukweli kwa mtoto wa miaka minne. Lakini watoto wa pwani wamelelewa na Fumo Liyongo, aliyechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, akafa ameshika upinde wake mahali pa kisima, na watu wakakaa na kiu kwa kuogopa maiti. Muhamadi Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na haijapata kusikika kwamba mtoto aliharibika kwa kuusikia. Waliousikia walibaki wakijiuliza kwa nini mwana alikubali, na mama ya Liyongo alihisi nini, na kujiuliza huko kumewatosha umri mzima. Mtoto wa Buseresere hali kadhalika ameona mengi kuliko wanaotaka kumficha. Ameona duara likiporomoka, ameona bibi akitengwa. Kinachomlemea ni kuyaona hayo kwa macho na kuyakosa katika visa.

Haihitajiki fedha nyingi kuyasahihisha haya. Tangu 1991 umekuwapo nchini Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao umethibitisha kwamba vitabu vizuri vya Kiswahili kwa watoto vyaweza kuandikwa, kuchorwa na kuchapwa nyumbani. Wasimulizi nao bado wapo, ingawa hawatangoja. Katika Katuruka ukimwi uliwaondoa wengi waliojua, na wazee waliosalia wakaanza wenyewe, kuanzia 2008, kuyakusanya masimulizi yao kabla hayajafuatana na wenyewe kaburini. Kinachotakiwa ni mwandishi mwenye subira ya kumsikiliza bibi mpaka mwisho, hata pale anapoonekana kwamba amekwisha kumaliza.

Kwa maana bibi wa Kisukuma, akishafika penye jitu lililopasuliwa na watu wakishangilia, hutua kidogo. Mtoto aliyezoea vitabu hudhani kisa kimekwisha, akaanza kuinuka. Ndipo bibi humwambia akae, kwa kuwa humo tumboni mlikuwa na mwanamke mzee, na kisu kilikuwa kikali.